Hodi ya Kwanza

Mimi naandika hadithi za kutisha, na wa kunicheka anicheke. Mama yangu alinicheka kabla yenu. "Mwanamke mzima," alikuwa akiniambia, "kutwa unaandika mizuka, jua likizama chooni huendi mpaka nikusindikize." Ni kweli, sikatai. Mimi mwoga. Ndiyo maana kutisha nakujua. Mtu asiyeogopa kitu atamtisha nani?

Nina duka la steshenari hapa Kibiti, kando ya barabara kuu. Natoa kopi, nachapa barua za maombi, napiga picha za pasipoti za watu ambao hawajui kutabasamu. Kati ya mteja na mteja ndipo naandika, kwa simu, kwa dole gumba moja, nimeegemea mashine ya kopi kwa sababu ina joto na mgongo wangu mbovu. Sehemu ikikamilika naituma kwenye magrupu. Hapo inashika njia yake: Ikwiriri, Chumbi, Ngarambe kule mwisho, inavuka maji mpaka visiwani. Mara nyingine inanirudia baada ya wiki mbili, jina langu limeshakatwa, mtu ananiandikia, "Shoga, soma hii, utakufa." Naisoma hadithi yangu mwenyewe, na nashtuka.

Iliyonipa jina ni ile ya mtu wa hodi moja.

Huku kwetu siku zile hazina jina. Tunaziita siku zile, basi, na kila mtu anajua. Watu waliuawa siku zile, na wengine walitoka majumbani mwao mchana kweupe na mpaka leo hawajulikani walipo. Magharibi ikiadhiniwa barabara yote hii kimya, maduka yamefungwa, wewe na wanao mmejikunyata ndani mnasikiliza. Siku zile sikuandika hata mstari. Kumtisha mtu aliyekwisha kutishika ni kazi gani hiyo? Lakini utulivu uliporudi na miaka ikapita, wasomaji wakaanza kunisumbua. Wewe mtu wa Kibiti, tuandikie ya Kibiti. Vijana wa Dar nao, ati, "Dada, tupe ya kweli kweli." Nikajikuna kichwa. Damu sikuitaka. Nani alimfanya nani nini, sikutaka, na mpaka leo sitaki. Nilitaka kitu kidogo, cha ndani ya nyumba.

Nilikipata Salale. Mama yangu mdogo ameolewa huko, kwenye mikoko, na mwaka ule mpunga ulipoanza kutia maziwa yeye aliumwa mguu, nikaenda kumsaidia kuamia ndege. Nilikaa wiki mbili, asubuhi mpaka alasiri juu ya dungu, kile kibanda kinachosimama kwenye miti katikati ya shamba, napiga debe na kupayuka mpaka koo likanikauka. Ndege wa delta hawana adabu. Unawafukuza huku, wanakutazama, wanahamia kule hatua tano wanaendelea kula. Niliwatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Alasiri nikirudi kijijini nalala uani kwa mama mdogo, na jirani yake palikuwa na nyumba ya makuti yenye mlango uliopakwa rangi ya buluu. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wangu, anaishi na mama mkwe wake na watoto wawili. Sasa, desturi ya hodi mnaijua. Mtu anasimama nje anapiga hodi. Ya kwanza mwenye nyumba anaiacha ipite, anamalizia alilonalo, anajitanda kanga. Ya pili anasogea. Ya tatu ndiyo anaitika. Hakuna anayeikimbilia hodi kama inagawa nyama. Lakini yule mwanamke, mgeni hajamaliza kusema, yuko kwenye "ho", yeye keshasema, "Karibu!" Kwa sauti ya juu, ya mtu aliyekuwa amekaa mlangoni anangoja. Awe jikoni, awe ameinama anaosha kamba wa kitoweo. Muuza chumvi, "Ho…" "Karibu!" Jirani anayeomba moto, "Ho…" "Karibu!" Siku tatu nikimsikia, mwili ukaanza kunisisimka.

"Huyu vipi?" nikamuuliza mama mdogo.

"Mumewe," akasema, na akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Alikuwa mkata boriti. Siku zile walikuja watu kumwita, saa tisa mchana, akavaa shati akatoka. Hajarudi. Sasa kila hodi kwake ni ya mumewe, mpaka afungue aone siye."

Mwenye moyo angelia. Mimi, Mungu anisamehe, nilitoa simu nikaandika.

Nikaandika habari ya mkata boriti aliyeuawa mikokoni, hakuoshwa, hakuvishwa sanda, hakuswaliwa. Basi anarudi, miguu imejaa tope, anasimama kwenye mlango wa buluu. Mzuka huyu ana ruhusa ya hodi moja tu, hawezi kuirudia. Ukiiacha ikapita, umesalimika. Ukiitika ya kwanza, umemkaribisha yeye. Na mkewe, masikini, hana subira. Kabla ya hodi nikampa vikohozi viwili vidogo, vya kusafisha koo, ili msomaji ajue kwamba ndiye. Mstari wa kwanza kabisa wa hadithi ulisema: "Marehemu alisimama mlangoni."

Jamani, ilivyopokelewa! Watu wa Kibiti waliacha kuitika. Dada wa chanjo alikuja dukani analalamika kwamba anasimama juani anapiga hodi na kupiga hodi, nao wamo ndani wanamhesabia. Mwanamke wa Chumbi akanipigia simu: mumewe karudi safari, kapiga hodi ya kwanza kimya, ya pili kimya, kanuna kaenda kulala kwa dada yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilijiona mtu. Nilikuwa nimetuma sehemu tisa, na ya kumi, ya mwisho, niliwaahidi Alhamisi.

Jumanne, saa sita mchana, nikiwa nyuma ya mashine, nikasikia, "Hodi."

Na mimi nilikuwa nimeshaanzisha mchezo na wateja wangu. Ya kwanza siitiki, ya pili siitiki, ya tatu naitika tunacheka wote. Nikanyamaza, natabasamu peke yangu. Ya pili haikuja. Nikangoja. Nikainua kichwa, na mwanamke amesimama pale kizingitini, pindo la baibui lina tope lililokaukia.

"Unangoja ya pili?" akaniuliza. "Mimi kwangu hujanisikia nikingoja ya pili."

Sura sikuwa nimeishika vizuri, lakini sauti niliijua palepale.

"Karibu, dada," nikasema.

"Nimeshakaribia. Nani alikwambia mume wangu ni marehemu?"

Hapo nikapandisha. Ndiyo tabia yangu, nikikosa napandisha sauti, mama alinichapa akachoka. "Dada, hadithi ni hadithi! Nimekutaja jina? Nimeitaja Salale? Isome mwanzo mpaka mwisho uniambie nimemtaja nani!"

"Jina hukutaja," akasema. "Umetaja mlango wangu."

Nikamvutia kiti. Akakaa ukingoni, mtu asiyetaka kukaa, na akanieleza polepole, hakupandisha sauti hata mara moja, na ndiyo iliyoniumiza. Tangu hadithi ifike kisiwani kwao, watu hawapigi hodi kwake. Wanapiga makofi kwa mbali, wanaita jina la mtoto, au wanapita moja kwa moja mpaka uani kama kuku. Wiki tatu hajasikia hodi mlangoni pake. Wanawe shuleni wanaitwa watoto wa mzuka.

"Hayo ningeyavumilia," akasema. "Lakini mama mkwe wangu jirani alimsomea, sehemu zote tisa. Asubuhi yake kaamka kasema, 'marehemu mwanangu.' Miaka yote hii hajawahi kusema hivyo. Hakuna aliyewahi kusema hivyo ndani ya nyumba ile. Sasa kamwita shehe, shehe kasema muda wa kumngoja aliyepotea umeshapita, limebaki neno la wenyewe. Ijumaa wanasoma khitma. Wakishasoma, mimi nakaa eda." Akanitazama. "Miezi minne na siku kumi ndani, nimlilie mtu ambaye sijui kama kafa. Navuliwa mume wangu kwa hadithi ya simu."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Uje useme ni uongo. Kwa mdomo wako, mbele ya mama, kabla ya Ijumaa."

Na mimi, mpumbavu, nikasema, "Alhamisi nina sehemu ya mwisho."

Akatikisa kichwa kidogo. "Inaishaje?"

Sikutaka kumwambia. Akangoja. "Mke anafungua mlango," nikasema. "Anaondoka naye."

"Kwa hiyo nakufa."

"Si wewe, dada."

"Mlango ni wa nani?"

Akainuka. Nilimpa maji, hakunywa. Boti haitamngoja, akasema, na akatoka kwenda kutafuta bodaboda ya Nyamisati. Nikabaki na kikombe mkononi.

Nyuma ya pazia la duka mama yangu alikuwa akichambua mchele, na masikio yake yalikuwa mazima. "Haya," akasema, hata hakutoka. "Wewe baba yako ulimzika. Ulilia ukagaragara, watu wakakushika, ukala pilau la khitma yake ukaongeza. Mwenzio hana hata kaburi la kulitazama, wewe unamzikia mumewe kwenye simu bila sanda. Hebu nenda. Na usiende mikono mitupu."

Alhamisi asubuhi nikafunga duka, nikabeba kilo tano za sukari na majani ya chai, nikashika njia ya Nyamisati. Maji yalikuwa bado hayajajaa, tukangoja ufukweni. Ndani ya boti wakakaa wanawake wawili mbele yangu, wana ndoo za mafuta ya kula, wanazungumza habari za kesho. Ati yule mzuka wa mlango wa buluu anasomewa khitma. Ati afadhali, maana mmoja wao amemsikia akikohoa. "Wallahi, kwa masikio yangu haya!" Mwenzake akasema, "Na huyo aliyeandika naye ni mchawi, kayajuaje?" Nikavuta mtandio mpaka puani nikayatazama maji.

Niliufikia mlango saa tano. Watu wachache walikaa kwenye kivuli cha nyumba ya pili, wananitazama niende wapi. Nikasimama.

"Ho…"

"Karibu!"

Mlango ukafunguliwa, nami nikauona uso wake kabla haujajipanga. Alijua nakuja, nilishamtumia mama mdogo salamu amwambie. Siku ile, saa ile, alikuwa akinitazamia mimi. Hata hivyo, kwa kitambo kidogo tu, hakuwa akinitazamia mimi. Kisha akaona ni nani, akavuta pumzi, akasema, "Pita, dada." Nilikuwa nimeandika sehemu tisa juu ya kitendo kile, na sikuwa nimewahi kuuona uso unaoambatana nacho. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe alikuwa kwenye kitanda cha kamba, mlango wa chumba uko wazi, kizee chembamba chenye macho makali. Nikapiga magoti nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyeleta habari za mwanangu?"

Loh! Nilijiandalia kila swali njiani, lile halikuwemo.

"Habari sina, mama," nikasema. "Nilitunga. Yote uongo. Mwanao sijui alipo, sijamwona, sijaambiwa na mtu. Nilikuja kuamia ndege, nikamsikia mkweo anavyoitika hodi, nikaichukua nikaifanya mzuka. Hakuna mzuka. Hakuna hodi moja. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuomba msisome khitma kwa sababu yangu." Nikasema na mengine mengi, nalia kamasi, maneno yanagongana. Yule mwanamke alisimama mlangoni mwa chumba ameshika sinia la chai, halitikisiki.

Kizee akaniacha mpaka nikaishiwa. "Na kikohozi?" akauliza.

"Kikohozi kipi, mama?"

"Umesema anakohoa mara mbili kabla ya kupiga hodi. Nani alikwambia? Maana ndivyo alivyokuwa. Mara mbili, taratibu, kama anauomba mlango radhi. Halafu ndiyo hodi."

Nywele zilinisimama, nawaambia kweli. Nikageuka kumtazama mkewe, nikitumaini atakataa. Akaitikia kwa kichwa. "Nilidhani mama yako mdogo ndiye aliyekwambia," akasema.

"Hajaniambia mtu," nikasema. "Ni cha…" Na hapo ndipo nilipojua mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya watu. "Ni cha baba yangu. Alikuwa akikohoa hivyo mlangoni, ili tuliokuwa tukigombana ndani tunyamaze kabla hajaingia."

Nilikiandika bila kufikiri. Nilidhani nimebuni. Niliandika sehemu tisa za mtu anayerudi nyumbani, na kila aliporudi nilimpa kikohozi cha baba yangu.

"Baba yako yuko wapi?"

"Amefariki, mama. Aliugua."

"Mlimzika?"

"Tulimzika."

"Kaburi lake unalijua?"

"Nalijua. Nalipalilia kila Ramadhani ikikaribia."

Akatikisa kichwa, akautazama mkono wangu kama ndio uliopalilia. "Basi mwanangu, radhi nimekupa. Lakini usidhani ni wewe uliyenifumbua macho. Tangu mwaka wa kwanza najua. Mwanangu asingekaa kimya na mama yake yuko hai. Nilijua, ila sikuwa na pa kulisemea. Huyu binti yangu kutwa, 'Karibu! Karibu!' Nani angesema marehemu mbele yake? Wewe umelisema. Nikaona kumbe linasemeka, na paa halikuanguka." Akajiweka sawa kitandani. "Mzuka wako siuogopi. Mimi nataka kumwombea kwa jina lake na jina la baba yake, kama watu wanavyoombewa wanao, halafu nilale."

Sinia likatikisika. Yule mwanamke akaliweka chini. Nilimwona ameelewa nilichokuwa nimeelewa mimi: kwamba nimekuja na uongo wangu wote mkononi kuurudisha, na hauna wa kuupokea.

"Mama," akasema, "akija je?"

"Binti yangu…"

"Si kwamba sijui. Mimi nami nina akili. Lakini naogopa aje mara moja tu, akute kimya. Adhani tumemsahau." Akaegemea mwimo wa mlango. "Ndiyo maana siiachi ya kwanza. Siwezi kuiacha, mama. Kama ile niliyoiacha ndiyo yake?"

Kizee akamnyooshea mkono. "Akija, tutamkalisha hapa tumpakulie pilau la khitma yake mwenyewe ale, na sisi tutacheka mpaka tulie."

Yule mwanamke akacheka kweli. Kicheko kikamtoka kikageuka kitu kingine katikati, akaanguka magotini pa mkwewe akafunika uso kwa kanga yake. Mimi nikatazama ukuta. Nilikuwa nalia pia, lakini changu hakikuwa na maana pale. Alikaa hivyo muda mrefu, kizee anampapasa mgongo. Alipoinua kichwa alisema neno moja.

"Someni."

Sikuondoka. Nilimpelekea mama mdogo salamu kwamba nitalala kwake, kisha nikakaa uani pa mlango wa buluu na wanawake wengine, nakuna nazi. Walinijua wote kufika alasiri. Aliyesema mimi mchawi kwenye boti alikuja akakaa mkabala nami, akanitazama, akasema, "Kumbe mwandishi mwenyewe kukuna nazi hajui." Wakacheka, nami nikapumua.

Jioni ile ile, jua bado liko juu ya mikoko, nikaenda gatini ambako mtandao unashika. Simu ilikuwa imejaa: "Iko wapi sehemu ya kumi?" "Dada usituue!" Nikaifuta ile niliyokuwa nimeiandaa. Nikawaandikia kwamba hadithi imeisha, mzuka hakuwepo. Kuna mtu alitoka nyumbani kwake saa tisa mchana akiwa amevaa shati, hakurudi, na watu wake wanamwombea, nao wamwombee. Na watu wakipigiwa hodi waitike. Basi. Wengine walijibu amina. Wengine walinitukana, kwamba nimeishiwa, nimewapotezea muda. Na wanitukane.

Ijumaa baada ya swala wanaume wakaja kusoma. Niliogopa wataingiaje. Mbele alikuwa shehe, na nyuma yake kijiji kizima kilichokuwa kikipiga makofi kwa mbali. Wakasimama mbele ya mlango, na shehe akapiga hodi, kubwa, ya kusikika na viziwi. Kutoka ndani, kabla hajaimaliza, "Karibu!" Hakuna aliyecheka. Wakavua viatu wakaingia. Jina likasomwa, lake na la baba yake, na kizee akalifuata kwa midomo. Wakati wa pilau mke alikuwa keshaingia chumbani, kavaa nyeupe.

Miezi minne na siku kumi niliihesabu nami, huku dukani. Niliandika habari nyingine, ya jini anayependa picha za pasipoti, haikumtisha mtu. Siku zilipotimia nikanunua doti ya kanga, nyekundu yenye korosho, nikapanda boti.

Nilimwona kabla sijafika mlangoni. Alikuwa ubavuni mwa nyumba, nje, kwenye karo, anaosha kamba kwenye beseni, amejifunga kitenge cha rangi. Amenawiri. Hakuniona, mgongo ulikuwa kwangu. Nikasimama mlangoni nikasema, ili asikie,

"Hodi."

Akasikia. Nilimwona amesikia, mabega yakatulia. Akamaliza kamba aliyekuwa mkononi, akamtia kwenye beseni, akakung'uta vidole. Akaiacha ipite, kama mtu yeyote.

Lakini kulikuwa na sauti nyingine, nami nilikuwa nimeshaisikia wakati mimi mwenyewe bado niko kwenye "ho". Ilitoka ndani, chumbani, nyembamba, imepasuka kwa haraka.

"Karibu, mwanangu!"

Yule mwanamke akageuka, akaniona, akaja anajifuta mikono. "Ni mama huyo," akaniambia chini kwa chini. "Tangu siku niliyoacha mimi. Nikamwambia, mama, si tulishasoma? Anasema tumesoma, ndiyo, lakini huwezi jua." Akatabasamu na macho yamemlowa. "Nenda. Ukichelewa kuingia anahangaika."

Nikasukuma mlango nikapita ukumbini mpaka chumbani. Kizee alikuwa ameinuka kitandani kwa kiwiko, uso wote umegeukia nje.

"Ni mimi tu, mama," nikasema.

"Najua," akasema. "Pita basi, usizibe mlango."